Mjomba Alisema Huyu Hawezi

Watu wa nyumbani wamenisihi mara nyingi niliache jambo hili, kwa kuwa limepita. Mke wangu amenisihi, mchungaji amenisihi, na mjomba mwenyewe, ambaye ndiye aliyeumia, alinisihi kabla hajafariki. Nimeshindwa. Hasira ninayo hadi leo, na ninapoandika hapa sitaipunguza ili nionekane mtu mwema.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa akiwaongoza watu pangoni. Pango lenyewe liko kwenye kilima kimoja cha mawe, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini Njombe. Watu wetu walijificha humo wakati wa vita vya zamani, na bibi yangu, akiwa msichana, alikaa humo na ndugu zake mpaka askari wa Kijerumani walipoondoka bondeni. Yeye ndiye aliyemfundisha mjomba njia zake. Mimi nilipoanza kufundisha shule ya misheni, enzi za Mwingereza, mjomba alikuwa hajafika hata miaka hamsini, ila mvi zilikuwa zimemwota mapema kama ilivyo kwa watu wa upande wa mama. Mvi hizo baadaye zilitumiwa dhidi yake.

Pango lilikuwa na njia tatu. Ya kwanza mtu aliingia akiwa amesimama wima, akafika kwenye ukumbi mpana wenye popo, na hata bibi kizee mwenye fimbo angeweza kukaa humo na kutoka salama. Ya pili ilishuka kwa kamba hadi kwenye kijito cha chini ya ardhi, na iliwataka watu wenye magoti mazuri na mikono inayoshika. Ya tatu ilikuwa ufa. Mtu alilala kifudifudi, akanyoosha mkono mmoja mbele, akajisukuma kwa vidole vya miguu, na baada ya muda unaotosha kumkatisha tamaa alitokea kwenye chumba kikubwa ambako maji yanaanguka kutoka juu na mwanga unapenya kwenye mwanya wa mawe. Waliokifikia wote walitoka wakiwa kimya.

Mjomba hakumwachia mgeni achague njia. Alichagua yeye, na alikuwa na namna yake. Kutoka nyumbani kwake hadi mlango wa pango kuna mwinuko mkali. Wageni aliwatanguliza, yeye akafuata nyuma ili asikilize wanavyopumua. Wakifika juu aliwauliza jambo lisilo na maana, kwa mfano walikula nini jana, na mtu ambaye hakuweza kujibu sentensi nzima bila kuhema aliishia ukumbi wa kwanza. Waliobaki aliwakalisha ukumbini, akazima taa, akaimba wimbo wa kanisani beti nne. Aliyehangaika gizani kabla wimbo haujaisha hakwenda mbali zaidi. Mwisho alikuwa na mwanzi alioukunja na kuufunga kwa kamba ukawa duara, upana wake sawasawa na mahali pembamba kabisa pa ule ufa. Kila aliyetaka njia ya tatu alipitisha duara hilo kutoka kichwani hadi miguuni. Likikataa mabegani au tumboni, mazungumzo yalikuwa yameisha.

Hakuona haya kumkatalia mtu. Alimkatalia mzee wa kanisa aliyetoka Lupembe kwa miguu siku mbili kwa ajili ya chumba kile. Mimi pia alinikatalia mwaka niliorudi kutoka chuoni nikiwa na kikohozi. "Mwaka ujao," aliniambia, "ukipumua kama mtu." Nilinuna wiki nzima, na mwaka uliofuata nikaenda.

Jumamosi moja ya kiangazi, asubuhi yenye baridi ambayo majani hugeuka meupe kwa umande ulioganda, ilikuja Landrova nyumbani kwa mjomba. Ndani yake alikuwa mkuu wa kambi ya barabara ya Makambako pamoja na mkewe. Walikuwa na barua kutoka kwa Bwana Shauri, yule afisa wa serikali wa Boma la Njombe, iliyosema wageni hawa waonyeshwe pango lote. Mjomba hakujua Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo niliitwa mimi mwalimu nitafsiri.

Yule bwana alikuwa mtu mkubwa, mrefu, mwenye shingo nene na tumbo lililoanza kushuka juu ya mkanda. Alituambia mapema kwamba alikuwa askari na amepigana jangwani. Mkewe alikuwa mwembamba, amevaa suruali ya kiume, na alipanda kile kilima kana kwamba anakwenda kisimani. Mumewe alisimama mara tatu. Kila aliposimama alituonyesha milima kwa mkono, akisifu jinsi nchi ilivyo nzuri, na kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kama mfuko wa mhunzi.

Juu mlangoni mjomba aliwauliza walikula nini jana. Mwanamke alieleza mpaka chumvi. Mwanamume alisema, "Nyama," akanyamaza.

Tuliingia ukumbini, taa zikazimwa, mjomba akaimba. Kwenye ubeti wa pili nilisikia kiberiti kikiwashwa. Yule bwana alisema alitaka sigara.

Tulipotoka tena mlangoni, mjomba alinivuta pembeni, akaniambia kwa Kibena, na maneno yake nayakumbuka yote. "Mwambie memsahibu anaweza njia zote. Huyu bwana hawezi. Atakwama. Akikwama ataogopa, na akiogopa atamuumiza mtu. Aingie ukumbi wa kwanza atungoje."

Nilimgeukia yule bwana nikasema kwa Kiingereza, "Mjomba wangu anasema njia ya mwisho ni nyembamba kidogo, na pengine bwana atastarehe zaidi akipumzika kwenye ukumbi wa kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyenilazimisha. Shuleni na chuoni nilikuwa nimejifunza kuongea na Wazungu kwa kuzungusha, kuweka "pengine" na "kidogo" kila mahali, na nilisifiwa kwa hilo. Mkaguzi wa shule aliwahi kuandika kwamba nina adabu njema. Adabu hiyo njema ndiyo iliyotoka mdomoni mwangu siku ile.

Yule bwana alicheka. "Mwambie sikuja hapa kustarehe."

Mjomba alimletea duara la mwanzi. Mwanamke alilipitisha bila shida, akakusanya nywele zake kwa mkono mmoja. Mumewe alilishika, akaligeuzageuza, akaniuliza ni la nini. Nilipomweleza, uso wake uliiva. "Mimi si mbwa wa maonyesho," alisema, akalitupa kwenye nyasi.

Mkewe alisema polepole, "Tunaweza kwenda ile ya pili, sote wawili. Inatosha."

"Nenda wewe ya pili kama unaogopa," alimjibu.

Mjomba alikuwa akitutazama midomo. Aliniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia, mjomba."

"Umemwambia kwamba atakwama?"

"Nimemwambia. Hasikii."

Mgeni angekuwa mtu mwingine, mjomba angeokota kamba zake akarudi nyumbani. Lakini barua ya Boma ilikuwa mfukoni mwa yule bwana, na mwaka uliotangulia jirani yetu alikuwa amelala mahabusu kwa kubishana na amri ya Boma. Mjomba aliokota duara lake nyasini. Kisha akapanga. Yeye angetangulia, memsahibu amfuate, halafu bwana, na mimi nyuma kabisa.

Yule bwana aliingia kwenye ufa kwa nguvu, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu mahali pale hapaingiliki kwa nguvu. Nilikuwa nyuma ya viatu vyake nikiwa na taa. Nilimsikia akikoroma, kisha akatukana, kisha viatu vikasimama. Nilidhani anapumzika. Baada ya muda viatu vilianza kukwaruza mwamba, vikakwaruza bila kwenda popote, na sauti iliyotoka mbele haikuwa ya mtu aliyepigana jangwani.

Mjomba na yule mwanamke walikuwa wamekwisha kuvuka. Kwa hiyo yule bwana alikuwa kizibo. Wao wasingeweza kutoka bila yeye kutoka, na njia nyingine haikuwapo.

"Mwambie atoe pumzi," mjomba aliita kutoka upande wa pili. "Atoe yote. Alegee."

Sasa nilitafsiri kila neno. Nilipiga kelele, "Toa pumzi. Legea. Usisukume." Hakunisikia, au alinisikia akashindwa. Alirusha miguu. Kisigino cha kiatu chake kilinipiga mdomoni, nikasikia jino likivunjika na kinywa kikajaa damu. Taa ilianguka ikazimika. Mkewe alikuwa akimsemesha kwa upole, akilitaja jina lake mara kwa mara, kama mtu anayembembeleza farasi.

Mjomba aliingiza mkono wake kwenye ufa ili amsukume begani arudi nyuma. Yule bwana aliukamata. Aliukamata kwa mikono yote miwili kama mtu anayezama mtoni, akauvuta na kuupinda kwenye ukingo wa jiwe. Nilikuwa nyuma, sikuona kitu. Nilimsikia mjomba. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akilia kwa maumivu, na sauti ile nilidhani ni ya mnyama.

Sijui tulikaa mle muda gani. Tuliingia jua likiwa bado la asubuhi na tulipotoka lilikuwa limeanza kushuka. Kilichomtoa yule bwana ni uchovu. Alipoishiwa nguvu alilegea, na alipolegea mwamba ulimwachia kidogo. Mkewe alipenyeza mkono akafaulu kumfungulia mkanda na vifungo vya koti, mjomba akamsukuma kwa mguu, na mimi nikamvuta kwa vifundo, inchi kwa inchi, nikimeza damu yangu mwenyewe.

Nje aliketi juani, akanywa kutoka kwenye chupa yake ndogo ya bati. Mjomba alitoka wa mwisho, mkono wa kulia ukining'inia, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Yule bwana alimtazama. Nilingoja aseme jambo, neno moja lingetosha.

"Mzee mpumbavu," alisema. "Angeniambia mapema."

Mkewe alisikia. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, matope usoni, na aliuona ule mkono. Kisha akaokota koti la mumewe, wakashuka kilima, na Landrova ikaondoka kuelekea Makambako. Mjomba nilimpeleka kwa miguu hadi zahanati ya misheni, tukipumzika kila mahali palipokuwa na jiwe la kukalia. Mganga wa pale alimfunga vizuri kadiri alivyoweza. Mkono ule haukuinuka tena juu ya kifua.

Baada ya wiki mbili tuliitwa Boma, mjomba na mimi. Mkuu wa kambi hakuja, ila barua yake ilikuwa mezani. Bwana Shauri aliisoma kwa sauti, kwa Kiingereza, mjomba akiwa ameketi kwenye benchi kando yangu. Ilisema kiongozi wa pango ni mzee asiye na nguvu, kwamba aliwaingiza wageni mahali pa hatari bila kuwaonya, na kwamba bwana aliokoka kwa utulivu wake mwenyewe.

Niliposikia neno utulivu, ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye lile pengo la jino.

"Mjomba wako alimwonya au hakumwonya?" Bwana Shauri aliniuliza.

Nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu njiani, jibu zuri lenye adabu. Sikulitumia. "Alimwonya," nilisema. "Alisema bwana hawezi, atakwama, na ataumiza mtu. Mimi ndiye niliyelainisha maneno. Nilisema pengine atastarehe zaidi akipumzika."

Aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo hakuambiwa."

"Alipewa duara la kupimia akalitupa. Mkewe alimwambia watumie njia ya pili akamdhihaki. Aliupinda mkono huu unaouona. Kama hayo si kuambiwa, sijui kuambiwa ni nini."

"Memsahibu hajaandika chochote," alisema.

Hiyo ndiyo sentensi iliyonikaa kifuani kuliko kisigino na kuliko jino. Hajaandika chochote. Mwanamke yule alijua kila kitu, alikuwa na kalamu na karatasi na meza nyumbani kwake Makambako, na mume wake alikuwa akiandika uongo labda kwenye meza hiyohiyo. Wapo walioniambia nimhurumie, kwamba huenda naye alikuwa na ufa wake wa kuishi ndani. Huenda. Sikumhurumia wakati ule na sasa nimezeeka mno kuanza.

Uamuzi ulitolewa palepale. Tangu siku hiyo mjomba asiongoze mtu yeyote pangoni. Wageni wa serikali wangeongozwa na tarishi mmoja wa Boma, kijana mwenye afya na viatu vya serikali, ambaye hakuwahi kupita ule ukumbi wa popo. Halafu Bwana Shauri akaniambia, "Mtafsirie mjomba wako."

Nilimtafsiria. Safari hii sikuzungusha. Nilimwambia barua ilivyosema, nikamwambia amri, na kwa kuwa alikuwa amenisikia nikijibu kwa Kiingereza na alistahili kujua nimesema nini, nilimwambia nilichokiri. Kisha akasimama, akavaa kofia yake kwa mkono wa kushoto, akatoka.

Tulitembea mpaka tulipofika kwenye daraja la magogo karibu na nyumbani. Hapo alisimama.

"Siku ile nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Mara mbili."

Angenipiga ningeshukuru.

Sikupata njia ya kulipa, kwa hiyo nililima. Kila Jumamosi na kila siku ya likizo nilikwenda shambani kwake, maana mkono wake haukuweza jembe, nikapanda viazi, nikapalilia mahindi, nikarekebisha matuta. Alinisalimu kila asubuhi. "Kamwene," alisema, kama anavyomsalimu mpita njia, na mimi nikaitikia, basi. Hali hiyo iliendelea msimu mzima.

Siku moja nikiwa shambani alikuja yule tarishi. Alikuwa na sare yake na kofia mkononi, na alionekana hajalala vizuri. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza mjomba yuko wapi. Nilimuuliza anamtakia nini.

"Wageni wanakuja wiki ijayo," alisema. "Wanne. Bwana Shauri amesema niwapeleke mpaka mwisho. Mwalimu, mimi huo mwisho siujui."

"Waambie Boma huujui."

"Niliwaambia. Walisema nitajua nikifika."

Nilimwambia aondoke. Nilimwambia kwamba amevaa kazi ya mtu mwingine, na kwamba kama anataka kufia ufani afe bila kutusumbua. Nilimwambia na mengine ambayo mwalimu wa misheni hapaswi kuyajua. Alikuwa akitazama nyuma yangu, na nilipogeuka nilimkuta mjomba amesimama kwenye tuta, amesikia yote.

"Una magoti mazuri?" mjomba alimuuliza.

"Nadhani ninayo, baba."

"Twende nikuone unavyopanda."

Nilitupa jembe. "Mjomba, huyu ndiye waliyempa nafasi yako."

"Najua."

"Mwache apotee. Wakishapoteza mmoja watakuja kukupigia magoti."

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya Boma alizungumza nami kwa kirefu. "Wakishapoteza mmoja," alisema, "atakuwa amekufa. Atakuwa huyu, au mgeni ambaye hajui kitu. Unataka nikae hapa nile viazi vyako huku najua? Mimi sikufundishwa lile pango ili niwe na nafasi. Nilifundishwa ili watu watoke."

"Na wao walikufanyia nini?"

"Walinifanyia vibaya. Na wewe pia." Hakusema kwa ukali. "Maliza hayo matuta, mvua iko karibu."

Waliondoka, yeye mbele akiuchukua mkono wake mbovu kifuani kama kitu alichoazimwa, tarishi akafuata. Halafu wakasimama, mjomba akamtanguliza tarishi, yeye akafuata nyuma, ili amsikilize anavyopumua.

Walikwenda hivyo siku tano mfululizo. Mimi nililima siku zote tano nikiwa na hasira iliyonifanya nivunje mpini wa jembe kwenye ardhi laini. Nilimkasirikia tarishi kwa kukubali, Bwana Shauri kwa ile kalamu yake, yule bwana kwa kila kitu, mkewe kwa kunyamaza. Zaidi ya wote nilijikasirikia mimi. Na nitasema kweli, nilimkasirikia mjomba pia, kwa sababu alikuwa ameweza jambo ambalo mimi sikuliweza na hata hakujivuna mbele yangu.

Siku ya tano alirudi jioni mapema, amejaa matope hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameingia njia ya tatu kwa mkono mmoja. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, akapumua, akaniambia kijana anafaa njia mbili za kwanza tu na ameapa kutompeleka mtu zaidi ya hapo, hata Boma wakisema nini.

"Utamwamini?" niliuliza.

"Anaogopa vizuri," alisema. "Nina njaa."

Nilimletea ugali na maharage, nikamshikia bakuli kwa sababu mkono ulikuwa umevimba, naye akala bila kunishukuru, kama watu wa nyumba moja wanavyokula. Alipomaliza aliniambia tuta la mwisho nimelipinda. Nilikwenda kulinyoosha kabla jua halijazama, nikiwa bado nimekasirika.